Kazi za ploti zisizo na siku ya kumaliza

Kupaka rangi nyumba iliyoachwa na mpangaji ni kazi tamu. Unajua itakula rangi kiasi gani, unamjua fundi, na ikikauka unafunga mlango, unatundika kibao cha "nyumba iko" kwenye lango, basi. Maji hayana raha hiyo. Hakuna siku utakayosema umemaliza maji. Mimi husimamia ploti mbili za kupangisha hapa Nakuru, moja Kiamunyi na nyingine Free Area, na kazi yangu nyingi ni ya namna ya maji: maji yenyewe, kodi ya nyumba, taka, shimo la choo, taa za ngazi, askari wa usiku, ushuru wa serikali, na simu za wapangaji.

Watu wengi huandika mambo haya yote kwenye orodha moja. "Fundi wa rangi nyumba namba 4" linakaa karibu na "maji". Rangi inakatwa Ijumaa, maji yanabaki. Wiki ijayo yanabaki tena. Baada ya mwezi jicho linayapita kama halijayaona, na hapo ndipo tangi hukauka Jumapili asubuhi watu wakijiandaa kwenda kanisani. Kwa hivyo mimi nina kaunta buku moja yenye pande mbili. Mbele ni kazi zenye mwisho, na hizo nakata kwa furaha. Nyuma ni zile zisizoisha, na huko hakuna kinachokatwa.

Upande wa nyuma ndio wenye kazi. Wenye ploti hutoa majukumu haya kwa sentensi fupi sana: "Uwe ukiangalia maji." "Uwe ukiangalia usafi." Amri kama hiyo haina siku, haina kipimo, na haina mwenyewe. Kabla sijaiandika humu naivunja mpaka ijibu mambo matatu: hali inayotakiwa ni ipi, nani anaangalia na lini, na hali ikiharibika nani anafanya nini. Maji yangu ya Free Area yameandikwa hivi: tangi la juu lisishuke chini ya nusu, keateka, yaani mtunza ploti, anaangalia asubuhi na jioni, likiwa chini ya nusu na bomba halina kitu, ananipigia kabla ya saa nne asubuhi ili boza, lori la maji, lifike mchana. Saa nne si namba ya kupendeza tu. Siku ya mgao kila ploti ya mtaa huo inatafuta boza, na anayepiga simu jioni analetewa maji kesho.

Kipimo ndicho kilicholeta ubishi. Zamani nikimpigia keateka mazungumzo yalikuwa haya:

"Mzee, tangi likoje?"

"Liko sawa, madam."

"Sawa vipi?"

"Liko tu."

Fundi akatufungia mpira mwangavu ubavuni mwa tangi, unaoonyesha maji yamefika wapi, na tukachora mstari mwekundu mahali pa nusu. Siku hizi ananijibu "juu ya mstari" au "chini ya mstari". Kama jukumu lako la kudumu halina mstari wa namna hiyo, utatafutiwa makosa milele, kwa sababu kila mtu ana "sawa" yake.

Baada ya hapo nazigawa kazi za nyuma kulingana na kinachoziamsha. Nyingine huamshwa na tarehe. Hizi ndizo rahisi, ingawa ndizo watu hujisifu nazo. Makato ya wafanyakazi ya SHA (bima ya afya ya serikali), asilimia 2.75 ya mshahara, pamoja na NSSF (akiba ya uzeeni), hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kodi ya mapato ya pango kwa nyumba za makazi ni asilimia 7.5 ya pango lote, bila kutoa gharama (ilikuwa 10 kabla ya Januari 2024), na mwisho wake ni tarehe 20. Hata mwezi ambao hukupokea pango, fomu inajazwa ikiwa sufuri. Mimi huijaza tarehe 10. Pango letu mwisho wake ni tarehe 5, siku nne tano zinanitosha kulinganisha ujumbe wa M-Pesa na daftari, na sitaki kugombania mtandao wa KRA, mamlaka ya ushuru, na nchi nzima usiku wa tarehe 20. Weka kengele kwenye simu, usilibebe kichwani.

Nyingine huamshwa na dalili, na kalenda hapo itakudanganya. Shimo la choo la Kiamunyi siwezi kulipangia "kila Juni", kwa sababu wapangaji huongezeka na kupungua. Nyumba aliyokaa mtu mmoja mwaka jana leo ina familia yenye watoto wanne na mashine ya kufulia. Kinachofaa ni kufungua mfuniko na kuona uchafu umekaribia kiasi gani bomba la kutokea. Ukingoja choo cha nyumba za chini kianze kurudisha maji, umechelewa.

Halafu kuna zinazofuata msimu, na hapa ndipo ninaposhauri mtu atumie akili yake nyingi. Udongo wetu wa Nakuru ni wa volkano, unakunywa maji vizuri sana wakati wa kiangazi, kwa hiyo Januari na Februari shimo linaonekana halina neno. Mvua ndefu zikishika kati ya Machi na Mei, udongo unashiba, shimo halina pa kupeleka maji yake, na magari ya kunyonya yanaitwa na kila mtu kwa wakati mmoja. Vivyo hivyo gata za paa: vumbi la miezi ya jua na majani huzijaza kimyakimya, na mvua ya kwanza inamwagika ukutani. Kukagua shimo na kusafisha gata, yote yana mstari mmoja kwenye daftari langu, "kabla ya Machi", na hausogezwi.

Hata wapangaji kuchelewesha pango kuna msimu wake. Anayesimamia nyumba kwa miaka kadhaa anajua Njaanuari, yaani Januari ya mifuko mitupu, na anajua kwamba shule zikifunguliwa mwisho wa Aprili na tena mwisho wa Agosti, karo itatangulia pango. Miezi hiyo napiga simu za upole tarehe 28, kabla deni halijakuwa deni. Mpangaji akiniambia mapema, "Madam, nitalipa nusu tarehe 5 na nusu tarehe 15," naandika na tunaheshimiana. Miezi mingine simpigii mtu.

Jambo jingine ni kujua kiasi. Kazi isiyo na mwisho humla mtu mwenye bidii kuliko mvivu, kwa kuwa ngazi zinaweza kuoshwa tena wakati wowote. Zetu huoshwa Jumanne na Ijumaa. Anayetaka kila siku aongeze pesa ya mfanyakazi. Simu nazo nimeziwekea mpaka: maji, stima inayotoa cheche, moto na wizi, nipigie hata saa nane za usiku. Kitasa, bawaba, jirani mwenye redio, mwambie keateka aandike, nitashughulikia asubuhi. Mwanzoni wapangaji walinung'unika. Sasa wanajua nani wa kuambiwa nini.

Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua jumbe za mtu, nazunguka ploti na upande wa nyuma wa daftari mkononi. Sitengenezi kitu wakati huo, naandika tu. Ninachotafuta zaidi ni jukumu linalozidi kuwa ghali. Pampu ikitengenezwa mara ya kwanza, hayo ni matunzo. Ikirudi kwa fundi tena na tena ndani ya muda mfupi, hilo limeacha kuwa jukumu la kudumu. Ni mradi wa kununua pampu uliojificha. Nalihamishia upande wa mbele, nalipangia bei na tarehe, na nampelekea mwenye ploti hesabu ya alichotumia kwenye matengenezo. Karatasi hiyo humshawishi haraka kuliko maneno yangu.

Na daftari la nyuma lazima lipunguzwe, maana lenyewe huongezeka tu. Nilikuwa natuma ripoti ya picha kila wiki kwa mwenye ploti, na kumbe mzee anataka kujua mawili tu: nani hajalipa na nini kimeharibika. Tukakubaliana ukurasa mmoja kwa mwezi. Akiongeza jipya nauliza kwa adabu, "Sawa mzee, litaingia. Na lipi litoke?" Mara nyingine hucheka, mara nyingine hulirudisha mfukoni mwake.

Desemba nikienda nyumbani Butere, daftari hubaki na keateka. Kila anachonipigia simu kuniuliza ni kitu ambacho hakikuandikwa, nami nakiongeza nikirudi. Mwaka uliopita simu nyingi zilihusu sanduku la mita. Sasa imeandikwa, ukurasa wa kwanza kabisa: ufunguo uko kwa mama wa duka, wala si kwa madam.