Kabla ya kuhamia kanisa changa Arua

Dada, umeuliza kama uache kwaya yako Kampala ukajiunge na kanisa linaloanzishwa Arua, na kama umwambie mchungaji wako sasa au ukishahama. Mwambie sasa. Kule Antiokia walifunga, wakaomba, wakawawekea mikono Barnaba na Sauli, ndipo wakawaaga (Matendo 13). Anayeondoka kimyakimya huacha maneno nyuma.

Halafu muulize kiongozi wa kule mambo ya pesa bila haya: sadaka inahesabiwa na nani, akaunti ina watia saini wangapi, kiwanja kimeandikwa jina la nani. Akikasirika, umeshajibiwa.

Sauti yako itahitajika, ila tegemea zaidi kupanga viti na kufundisha watoto. Kiswahili kitakutosha sokoni Arua. Msibani utahitaji Kilugbara, lugha ya wenyeji; anza kujifunza. Hutakuwa wa kwanza kuhamia mbali kwa ajili ya kanisa: Apolo Kivebulaya, mwinjilisti Mganda, alivuka hadi Mboga, Kongo, mwaka 1896, na kaburi lake liko hukohuko.

Kazi usiiache bado; kanisa changa halina mshahara wa kukupa. Nenda kwanza Jumapili mbili tatu, ulale kwa wenyeji, umsikie mchungaji anavyoongea na mkewe.