Mumeo akiwa baharini, mtoto ni wa nani?

Mwanangu,

Umeuliza: mumeo akiwa melini miezi tisa, nawe ukapandikizwa mimba Dar es Salaam kwa mbegu alizoacha zimegandishwa, mtoto atakuwa wake kisheria? Atakuwa wake, lakini msiende mikono mitupu.

Sheria mahsusi ya upandikizaji hatuna, kwa hiyo hakimu atashika Sheria ya Ushahidi. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, au ndani ya siku 280 tangu ikome na mama hajaolewa tena, ni wa mume, isipokuwa ithibitike wawili hao hawakupata nafasi ya kukutana. Hapo ndipo penye mwiba kwenu. Pasi ya baharia ina mihuri na tarehe. Anayetaka kumtoa mtoto kwenye mirathi ataifungua tu. Sheria hiyo ni ya 1967, na mtoto wa kwanza wa maabara, Louise Brown, alizaliwa Uingereza 1978; walioiandika hawakuwaza mimba ya namna yako.

Basi mumeo asaini ridhaa kabla hajapanda meli: jina lake, lako, tarehe mbegu zilipotolewa, na kwamba zitumike kwako peke yako. Nakala ikae nyumbani. Mtoto akizaliwa, msajilini ndani ya siku 90 kwa jina la baba yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inapokea jina lililo kwenye daftari la vizazi, na kipimo cha vinasaba (DNA) pia.

Fomu ya ridhaa itauliza mumeo akifariki mbegu zifanyweje. Msiruke. Kiinitete, yaani yai lililorutubishwa maabara, kikipandwa kikiwa cha siku tano, mtoto huzaliwa baada ya siku 261 hivi. Kikipandwa siku 30 baada ya mazishi, hesabu inafika 291, nje ya zile 280. Na kwetu Waislamu kifo kimekwisha kata ndoa. Ni neno zito, lakini andikeni ziharibiwe.

Daktari akitaja mbegu za mwanamume mwingine, jueni Waislamu wa Kisunni kwa jumla hawazikubali, na mtoto huyo hamrithi mumeo kwa faraidhi, mgao wa mirathi wa Kiislamu. Kimakonde ukoo hufuata mama, wajomba watampokea bila swali, ila mikorosho ya baba haigawiwi kwa kupokewa. Mumeo angepaswa kumpa hiba, yaani zawadi, na kumkabidhi akiwa hai, au kumwachia kwa wosia usiozidi thuluthi ya mali.

Nitumie picha ya ukurasa unaotaja kifo kabla hajasaini.

Mama yako, Mikindani