Inhela ya kahawia msiiwache mtoto akipata nafuu

Assalaam alaykum. Mwanangu ana miaka 8 na ana pumu, sie tuko Wete, na kila msimu wa karafuu ilikuwa lazma tulale spitali japo usiku mmoja, kwa sababu karafuu zikishakauka majamvini ukizizoa kuzitia maguniani lile vumbi linafuka na yeye kifua kishabana.

Ile inhela ya buluu, dawa ya kuvuta ya kufungua kifua kikibana, tulikuwa nayo siku zote. Ya kahawia, ile ya kuvuta kila siku ya kuzuia, nikimpa wiki mbili, nikimuona anakimbia na wenzake naiweka kabatini, mana bibi yake akisema dawa za kuvuta mtoto akizizowea hatoki tena, na mie nikaamini. Najuta mpaka leo.

Mwaka jana daktari mmoja akanikalisha. Akaanza na neno CD4, wallahi moyo ulinidunda nikajua mtoto ana maradhi mengine! Akanambia hapana mama, CD4 ni alama ya seli T saidizi, kila mtu anazo, virusi vya UKIMWI vinazishambulia hizo ndo mana wagonjwa wanahesabiwa. Kazi yao kubwa ni kuamrisha seli nyengine, na amri zenyewe ni protini ndogo ndogo zinaitwa saitokaini. Vijidudu vya TB vikijificha ndani ya seli, kundi moja la hizo seli T, Th1, linatoa saitokaini inayoitwa intaferoni gama, basi zile seli zilizovimeza zinapata nguvu ya kuviua. Wakiingia minyoo, kundi jengine linashika kazi, Th2, na hili ndo linalomsumbua mwanangu, linalipiga vumbi vita kama vile ni mnyoo. Likitoa intalukini 4, nayo ni saitokaini, mwili unatengeneza kingamwili za mzio ziitwazo IgE, intalukini 5 inaita seli za eosinofili zinajazana mapafuni, 13 inazidisha makohozi mazito. Yaani njia za hewa zimevimba kwa ndani hata siku ambazo hakohoi kabisa.

Hapo ndo nikafahamu. Buluu, yaani salbutamoli, inalegeza misuli ya njia ya hewa, dakika chache tu mtoto anapumua, lakini baada ya masaa manne mpaka sita imekwisha na amri za Th2 bado zinatoka vile vile. Kahawia ni steroidi, inaingia ndani ya seli zenyewe inapunguza kutengenezwa kwa hizo saitokaini, na kazi hiyo inataka siku hata wiki kadhaa, kwa hivo mie nilikuwa naikata ndo kwanza inaanza kushika.

Basi mama mwenzangu, ukiambiwa asubuhi na jioni mpe asubuhi na jioni hata kama anacheza mpira, usipunguze mpaka daktari aseme. Kama huna spesa, kile kichupa kinachokaa baina ya inhela na mdomo, chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela, izibe vizuri pembeni, mtoto aweke mdomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja avute pole pole kama mara tano, sie ndo tunavofanya. Akimaliza ya kahawia asukutue ateme, la sivo kinywa kinaweza kufanya utando mweupe. Na ukiona mbavu zinaingia ndani au hawezi kumaliza maneno, mpe buluu huku mnakwenda spitali, msingoje kuche.

Msimu huu tumeanika karafuu mpaka tumemaliza na hajalala spitali hata siku moja. Ya jioni, bibi yake mwenyewe ndo anamkumbusha wakishasali magharibi.