Nani aliruka usiku ule? Majibu kwa wanaotafuta ndege na majina

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: shambulio fulani la anga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia lilifanywa na ndege zipi, na ndani yake walikuwamo akina nani. Nimechagua zile zenye faida kwa wengi.

Naomba orodha ya wanaanga wote walioipiga Dresden. (Dodoma)

Dresden ya lini? Usiku wa 13 kuamkia 14 Februari 1945 walikwenda Waingereza na ndege za mabomu, Lancaster 796 na Mosquito 9, kwa mawimbi mawili yaliyopishana takriban saa tatu. Mchana wa tarehe 14 wakaja Wamarekani na ndege zao za mabomu za B-17, na tarehe 15 wakarudi. Lancaster moja ilibeba watu saba, kwa hiyo kwa usiku ule mmoja unaniomba majina zaidi ya 5,500. Majina hayo yametawanyika katika madaftari ya vikosi, kila kikosi na lake. Chagua kikosi kimoja, kisha uniandikie tena.

Na ukiandika makala yako, usinakili kwamba walikufa watu laki mbili. Ripoti ya polisi wa mji ilitaja maiti elfu ishirini na ushei, propaganda ya Wanazi ikaongeza sifuri. Tume ya wanahistoria iliyoundwa na jiji la Dresden ilihitimisha mwaka 2010 kwamba waliokufa hawakuzidi 25,000. Idadi hiyo inatisha vya kutosha bila kutiwa chumvi.

Nina tarehe na jina la mji tu. Nianzie wapi? (Kampala)

Anza na hiyo tarehe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Waingereza waliandika usiku mmoja kwa tarehe mbili, 13/14, kwa sababu ndege iliondoka jioni na kurudi alfajiri. Sisi tuliolelewa kuhesabu siku tangu jua linapozama tukisikia "usiku wa tarehe 14" tunaelewa usiku wa kuamkia 14, na mtu mwingine ataelewa kinyume. Andika tarehe zote mbili kila mara. Saa nazo ni mtego: 22:15 ya daftarini ni saa nne na robo usiku. Tena kwa sehemu kubwa ya vita saa za Uingereza zilikuwa mbele ya saa za Greenwich kwa saa moja kipindi cha baridi na saa mbili kipindi cha joto. Nimepokea barua ya mtu aliyeshikilia kwamba kulikuwa na mashambulizi mawili, kumbe ni lile lile, limehesabiwa kwa saa mbili tofauti.

Ukishaituliza tarehe, nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London. Fungu la AIR 14 lina karatasi za makao makuu ya ndege za mabomu, nazo zitakusaidia kujua vikosi vilivyotumwa. Fungu la AIR 27 ndilo lenye madaftari ya vikosi, na yamekwisha kuwekwa kwenye mtandao. Kila daftari lina fomu mbili. Fomu 540 ni muhtasari wa matukio ya kila siku. Fomu 541 ndiyo unayoitafuta: aina ya ndege na namba yake, majina ya waliomo, saa ya kuruka, saa ya kutua, na maelezo mafupi ya walichokiona. Ukiona mtu anajadili shambulio bila kuwahi kuifungua Fomu 541, msikilize kwa tahadhari.

Hata hivyo fomu hiyo si msahafu. Ilipigwa taipu na karani wa ofisini. Herufi za majina zinapinduka, namba ya ndege inakosewa tarakimu moja. Kwa hiyo ilinganishe na kitabu cha safari cha mwanajeshi mwenyewe, ambacho mara nyingi kiko kwa familia. Safari za usiku waliziandika kwa wino mwekundu. Daftari na kitabu vikikubaliana, umefika. Visipokubaliana, andika kwamba havikubaliani. Usichague unachokipenda.

Kitabu kimoja kinasema McCarthy alikwenda kupiga mabwawa ya Ujerumani na ndege namba ED915, kingine ED825. Nishike kipi? (Mombasa)

ED825. Swali zuri, na nilikuwa nalisubiri. Usiku wa 16 kuamkia 17 Mei 1943, Kikosi cha 617 kilirusha Lancaster 19 kutoka Scampton. Joe McCarthy, Mmarekani aliyekuwa katika jeshi la anga la Kanada, alipangiwa ED915, yenye herufi AJ-Q ubavuni. Ikapata hitilafu dakika za mwisho. Yeye na wenzake wakashuka, wakakimbilia ndege ya akiba, ED825 AJ-T, iliyokuwa imefika kituoni siku hiyohiyo, wakaondoka wamechelewa kama nusu saa. Walilipiga bwawa la Sorpe, halikubomoka, wakarudi salama. Ndege nane kati ya zile 19 hazikurudi, na watu 53 walikufa.

Aliyeandika ED915 alisoma mpango wa safari, hakusoma safari yenyewe. Mpango ulitolewa mchana. Kati ya mchana na usiku injini iligoma, mtu aliugua, rubani alibadilishwa. Kosa hili ninaliona kila wiki, na linaumiza zaidi linapomweka marehemu katika ndege ambayo hakufia.

Jambo lingine: shika namba, usishike herufi. Namba kama ED825 ni ya ndege moja tu. Herufi za ubavuni zilirithiwa: ndege ikipotea, inayofuata inapewa zilezile. Kikosi hichohicho cha 617 baadaye kilitumia KC na YZ badala ya AJ.

Ndege ya Nagasaki ni The Great Artiste au Bockscar? (Zanzibar)

Bockscar, namba 44-27297, tarehe 9 Agosti 1945. Kwa kawaida ilikuwa ya Frederick Bock, lakini siku hiyo aliiendesha Charles Sweeney. The Great Artiste, ndege ya Sweeney mwenyewe, ilikuwa bado na vyombo vya kupimia mlipuko vilivyofungwa kwa ajili ya Hiroshima, hivyo wakabadilishana ndege. Magazeti ya mwanzo yakamfuata rubani, yakataja ndege yake ya siku zote, na kosa likasambaa. Rubani ni kitu kimoja, ndege ni kitu kingine. Thibitisha kila kimoja peke yake.

Namba ya mkiani 124485 siioni katika orodha yoyote ya Wamarekani. (Dar es Salaam)

Itafute kama 41-24485. Mkiani waliacha tarakimu ya kwanza ya mwaka. Hiyo ni Memphis Belle, B-17 iliyohifadhiwa Dayton, Ohio.

Fomu ina majina manane kwa Lancaster moja. Karani alikosea? (Nakuru)

Huenda hakukosea. Saba ni rubani, fundi injini, mwongozanjia, mlenga mabomu, mtu wa simu ya upepo, mpiga bombomu wa mgongoni na wa mkiani. Wa nane mara nyingi ni rubani mgeni aliyepelekwa kujifunza na waliozoea kabla ya kukabidhiwa watu wake. Kama ni Kikosi cha 101, wa nane ni mjuzi wa Kijerumani, aliyevizia redio za adui na kuzivuruga. Usimfute mtu kwa sababu hesabu yako imegoma.

Nitajuaje bomu lililoangukia nyumba fulani lilitoka ndege ipi? (Muscat)

Kwa mashambulizi ya usiku yenye mamia ya ndege, hutajua. Kilichopo ni picha zilizopigwa na ndege yenyewe wakati wa kuachia mabomu, zenye maandishi ya tarehe, kimo, saa na jina la rubani. Zinakuonyesha mtaa, hazikuonyeshi mlango. Anayekuuzia uhakika zaidi ya huo anakudanganya.

Marehemu babu alisimulia kwamba Waitalia walipiga Wajir kwa ndege mwaka 1940. Nataka majina ya marubani. (Garissa)

Babu yako alisema kweli. Italia iliingia vitani 10 Juni 1940, na alfajiri ya tarehe 13 ndege za Caproni zikaishambulia Wajir, palipokuwa na askari wa King's African Rifles (KAR) na ndege za Kikosi cha 237 cha Rhodesia. Askari waliuawa na mafuta ya ndege yakateketea. Wajir ilipigwa tena baada ya hapo.

Sasa elewa hili: daftari la aliyepigwa lina saa na hasara, daftari la aliyepiga ndilo lenye majina ya marubani. Kew utapata shajara za KAR katika WO 169 na daftari la Kikosi cha 237 katika AIR 27. Humo ndege za Waitalia ni "Caproni tatu" basi. Kwa majina lazima ubishe hodi Roma, kwenye Ofisi ya Historia ya Jeshi la Anga la Italia, na uandike kwa Kiitaliano.

Tena usichanganye na Junkers Ju 86 zilizoruka kutoka Kenya mwaka huohuo. Zilitengenezwa Ujerumani, lakini zilikuwa za Kikosi cha 12 cha Afrika Kusini, nyingine zikiwa zimewahi kubeba abiria wa shirika la ndege la nchi hiyo. Kumbukumbu zake ziko Pretoria.

Na mimi nakuomba jambo ambalo hukuniuliza. Kila anayeniandikia anataka majina ya waliokuwa juu. Rubani wa Jumuiya ya Madola aliyepotea katika anga la Afrika Mashariki bila kaburi ana jina lake kwenye mnara wa El Alamein, Misri. Mchuuzi au mchunga ngamia aliyekuwa Wajir alfajiri ile hana fomu wala safu. Jina lake, kama bado lipo, liko kwa wajukuu wa wazee wa hapo hapo Wajir. Wewe uko Garissa, jirani yao. Kabla hujaandika barua ya Roma, panda gari uende ukawaulize, na uandike nani alikusimulia, lini, naye alisikia kwa nani.