Kupunguziwa bei ya dishi: pa kuomba, na wakati wa kuacha kadi ijifunge

Watu wengi Malindi na Lamu hupigania bei ya kulipia dishi mahali pasipo bei. Wanamwendea wakala wa dukani, wanambana, wanamkumbusha kwamba wamelipia tangu mwaka 2015, analogi ilipozimwa. Yule kijana hana uwezo wa kushusha hata shilingi kumi. Kazi yake ni kuuza dekoda na kulipia kadi za watu akapata kamisheni. Ukimshika sana atakukatia mita mbili za waya bure, na hiyo ni hisani yake mwenyewe. Punguzo la mteja wa siku nyingi liko kwenye akaunti, ndani ya mtambo wa kampuni, na anayeweza kulifungua ni mhudumu wa simu au yule anayejibu jumbe kwenye kurasa zao za mitandao.

Kwa hivyo hakikisha kwanza kwamba akaunti ni yako. Dekoda nyingi huku pwani ziliandikishwa na fundi aliyekuja kufunga dishi, kwa nambari yake ya simu, au bado ziko kwa jina la mpangaji aliyehama. Ofa hutumwa kwa SMS. Kama nambari ni ya fundi, yeye ndiye anayezipokea, nawe utabaki kudhani kwamba kampuni haijali wateja wake. Piga simu huduma kwa wateja ukiwa na nambari ya kadi (kwenye dekoda nyingi imebandikwa chini au hutokea kwenye menyu ya taarifa) na kitambulisho chako, uombe jina na simu virekebishwe. Sisitiza warekebishe akaunti iliyopo, wasifungue mpya, maana akaunti mpya haina historia na historia ndiyo utakayoombea.

Ushahidi wa historia hiyo unao mfukoni. Kwa M-Pesa piga *334#, ingia kwenye akaunti yako, omba taarifa ya miezi 12 iletwe kwa barua pepe. Toa malipo ya dishi peke yake: tarehe, kiasi, kifurushi. Ukiweza kusema "nimelipa miezi kumi na moja kati ya kumi na mbili, na mara zote kabla ya kadi kufungwa," mazungumzo yanakuwa mengine kabisa kuliko "mimi ni mteja wenu wa zamani", maneno ambayo mhudumu huyasikia kutwa.

Sasa elewa ubishi wenyewe ulivyo. Mashauri mengi ya kupunguziwa yametoka Marekani na Uingereza, ambako mteja amefungwa na mkataba na kampuni inaogopa auvunje. Kwetu tunalipa kabla. Hakuna mkataba wa kuvunja, na mhudumu anajua kwamba Jumamosi ikifika utalipa. Kutishia kuhama kunafanya kazi tu kama kuna pa kuhamia. Kama nyumba yenu inaishi kwa Simba na Yanga, unaweza kuitaja Azam, kampuni ya dishi ya Tanzania, bila haya, kwa sababu ligi ya Tanzania iko kwao. Lakini kama unachofuata ni Ligi Kuu ya Uingereza, mechi zake huku ziko SuperSport, chaneli za DStv. Ukisema unahama, aliye upande wa pili anajua huendi popote. Usitishie. Omba.

Kadi iliyofungwa huzungumza kuliko mdomo. Wiki chache baada ya kuacha kulipia, kampuni nyingi huanza kutuma ofa za kukurudisha: lipa kifurushi chako upandishwe cha juu, au lipa pungufu kwa mwezi wa kwanza. Wakati mzuri wa kujaribu hilo ni Juni na Julai, Ligi ya Uingereza ikiwa imelala. Mwaka wenye mashindano makubwa mpango huu unaharibika: Kombe la Dunia la 2026 ni la Juni 11 hadi Julai 19, na mwezi kama huo hakuna kampuni yenye haja ya kukubembeleza. AFCON ya 2027, itakayochezwa Kenya, Uganda na Tanzania, italeta hali ileile.

Fanya hesabu kabla ya kufurahia ofa. Tuseme kifurushi chako ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Ukipewa punguzo la asilimia 20 kwa miezi 3, umeokoa 900. Ukiacha tu kulipia miezi miwili ya mapumziko ya mpira, umeokoa 3,000, na hukumpigia mtu simu. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, punguzo lifuate kuacha, lisiwe mbadala wake. Ile ofa ya kupandishwa kifurushi nayo itazame kwa jicho kali. Kama unalipa 1,000 na unaambiwa lipa 1,500 uone cha 2,500, hujaokoa 1,000. Umetoa 500 zaidi. Lengo lake ni kukuzoesha. Watoto wakishazoea katuni za kile cha juu, mwezi wa pili unaanza vita nyumbani.

Ili ujue unachoomba, bandika karatasi kando ya televisheni kwa wiki mbili, kila mtu aandike chaneli aliyotazama. Mara nyingi hutoka nne au tano: moja ya mpira, moja ya tamthilia, katuni, na habari. Za habari za Kenya unaweza kuzipata kwa dekoda ya chaneli za bure ambayo hulipii kila mwezi. Ikionekana kifurushi cha chini kinazo hizo mbili tatu zilizobaki, kushuka daraja ndilo punguzo kubwa kuliko yote na halihitaji ruhusa ya mtu.

Siku ya kupiga simu iwe Jumanne au Jumatano, saa tatu hadi saa tano asubuhi. Jumamosi wahudumu wamezidiwa na watu waliolipa dakika ya mwisho. Piga siku tatu au nne kabla ya kadi kwisha. Ukishalipa huna tena cha kuwavuta nacho. Ongea taratibu na kwa adabu, kwa sababu anayekusikiliza ana kiwango fulani tu anachoruhusiwa kutoa na hutoa kwa anayemfurahia:

"Dada, habari za asubuhi. Kadi yangu inaisha Ijumaa. Mwaka huu nimelipa miezi kumi na moja bila kukosa, na nyumbani tunafikiria kushuka kifurushi. Kabla sijashuka, hebu nitazamie kama kwenye akaunti yangu kuna ofa yoyote."

Baada ya hapo nyamaza. Akisema hakuna, usikate simu. Uliza kama kuna idara inayoshughulika na wateja wanaotaka kuacha, uhamishiwe. Bado hakuna? Badilisha unachoomba. Pesa ni ngumu kutoka, lakini siku za ziada, chaneli za nyongeza kwa mwezi, fundi wa kurekebisha dishi bila malipo au bei nafuu ya dekoda mpya hutoka kwa urahisi zaidi. Uliza pia bei ya kulipia mwaka mzima kwa mkupuo. Ukipewa chochote, taka mambo manne: inaanza lini, inaisha lini, bei itarudi ngapi, na nambari ya kumbukumbu ya ombi. Omba yote yaje kwa SMS. Ahadi ya mdomo hufa zamu ya yule mhudumu ikiisha.

Malipo ndipo ofa nyingi zinapoharibikia. Lipa kiasi kilekile ulichotajiwa, kabla ya tarehe iliyotajwa. Ukituma pungufu kidogo, mara nyingi pesa inakaa kama salio na kifurushi hakifunguki. Ukikosea tarakimu moja ya kadi, umemlipia mtu wa Garsen. Wahi kuipigia kampuni ukiwa na msimbo wa M-Pesa kabla hajafurahia mechi yako. Dekoda iwe inawaka na iko kwenye chaneli ya kulipia wakati unapolipa, kwani ishara ya kufungua haitaifikia ikiwa imezimwa, na umeme wetu tunaujua. Kwa DStv, E16 ni suala la malipo au idhini: omba kadi ifunguliwe upya, uache dekoda ikiwaka hadi nusu saa. E48-32 ni suala la mawimbi kutofika, na hapo tatizo liko juu ya paa.

Hilo la paa lina uzito wake ukiomba kufidiwa siku ulizokosa. Kampuni haitakufidia kwa umeme kukatika wala kwa kutu yako mwenyewe, na Lamu chumvi haina huruma. Kabla ya kudai, panda, fungua kiungio cha waya kwenye LNB (kile kichwa kilicho mbele ya dishi) na utazame ule uzi wa shaba katikati: ukiwa umegeuka kijani, au ndani mna unyevu, kata sentimita chache, funga kiungio kipya, paka grisi ya silikoni, zungushia mkanda wa mpira unaojishika, na uache waya uning'inie kidogo chini ya LNB ili maji yadondoke yasiingie. Baada ya pepo za kusi kagua pia nati za mlingoti. Dishi likisogea kidogo tu, mvua ya kwanza inakata picha. Kama yote hayo ni mazima na majirani nao hawaoni, hapo una dai. Andika tarehe na saa, uombe siku zirudishwe.

Mwenye mgahawa au nyumba ya wageni Shela asijaribu haya kwa kadi ya nyumbani. Kuwaonyesha wateja wa biashara yako kwa kifurushi cha familia ni kuvunja masharti, na kupiga simu kunawaalika wakague akaunti. Kwa kifurushi cha biashara kuna nafasi halisi ya kupatana: idadi ya vyumba, na kusimamishiwa baadhi yake Mei na Juni wageni wakipungua. Mapatano hayo yaandikwe.

Ukikwama kwenye malalamiko, siyo kwenye bei, maliza kwanza ngazi za kampuni kwa maandishi, kisha peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mamlaka haitakuombea punguzo, lakini ofa iliyoahidiwa kwa SMS isitimizwe ni jambo jingine, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumpotosha mnunuzi. Na anayekupigia yeye mwenyewe akikuahidi nusu bei ukituma pesa kwenye nambari ya simu ya kawaida, kata. Ofa ya kweli hulipwa kwa paybill ileile uliyoizoea, na hakuna mhudumu anayehitaji PIN yako.