Jiwe la kijivu linalong'aa huko Mpanda: je, ni fedha?

Ndugu yetu ameuliza iwapo jiwe zito la kijivu aliloliokota shambani kwake, nje ya mji wa Mpanda, ni fedha, na kama afungue duara, yaani shimo la kuchimbia madini, mara moja. Nimefanya kazi ya utafutaji wa madini katika eneo hilo kwa misimu kadhaa, kwa hiyo najibu kwa niliyoyashika kwa mkono.

Kwa maelezo yake, nadhani hilo ni galena, yaani mbale (jiwe lenye madini) ya metali ya risasi. Alipasue kwa nyundo: litavunjika vipande vya pembe mraba vyenye nyuso zinazong'aa, na kiganjani litakuwa na uzito unaokaribia mara tatu ya kwazi, lile jiwe gumu jeupe la kawaida, ya ukubwa uleule. Fedha, kama imo, imejificha ndani ya galena yenyewe, na maabara pekee ndiyo itakayosema ni gramu ngapi kwa tani. Ndivyo ilivyokuwa kwenye mgodi wa Mukwamba, karibu na Mpanda, ambako katika miaka ya 1950 risasi, shaba, fedha na dhahabu zilichimbwa kutoka kwenye mishipa, yaani tepe za madini zilizopenya ndani ya mwamba, katika miamba ya kale iitwayo ya Ubendi, hata reli ikaletwa Mpanda kutoka Kaliua.

Msimu wetu wa kwanza tulikosea. Tulichagua vipande vinavyong'aa tu, tukavipeleka maabara, na majibu yakatufurahisha mno. Tulipochimba mtaro kuukatiza mshipa na kuchukua sampuli kwa upana wake wote, furaha ikaisha. Tuseme utepe wa galena una upana wa sentimita 10 na gramu 600 za fedha kwa tani, lakini ili mtu apate nafasi ya kufanya kazi ni lazima uchimbe upana wa sentimita 120: kwa hesabu ya upana peke yake zinabaki gramu 50, ingawa uzito wa galena utaziongeza kiasi.

Kwa hiyo, ndugu, usifungue duara bado. Pima kwa dira uelekeo wa mshipa na mwinamo wake, kisha chimba mitaro mifupi kuukatiza, mmoja baada ya mwingine, ukiufuata unakoelekea, kwa sababu mshipa wa namna hii hunenepa na kukonda, na mara nyingi mbale hujikusanya pale unapopinda. Uchorongaji, yaani kutoboa mwamba kwa mashine, ni gharama ya baadaye. Nakusihi pia usitwange mawe hayo nyumbani, kwani vumbi lake lina risasi, na watoto ndio hudhurika zaidi.