"Kesi" imemeza maneno matano

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya MTAKUWWA (Mpango wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto) katika kata moja wilayani Kongwa. Kwenye rasimu ya taarifa yetu ya mwaka tuliandika: "Kesi za ubakaji 40 ziliripotiwa, 6 zilihukumiwa." Mjumbe mmoja anataka isomeke "6 zilitiwa hatiani." Mwingine anasema basi 34 zilikuwa za uongo. Tuandikeje? (Tarakimu nimezibadili.)

JIBU: Marahaba. La kwanza ni jepesi. Kesi haitiwi hatiani, anayetiwa hatiani ni mtu. "Hatia" tuliipokea kutoka Kiarabu, maana yake kosa au dhambi, tukaipachika -ni ya mahali. "Hukumu" nayo ni ya Kiarabu, na ni uamuzi wowote wa mahakama. Aliyeachiwa huru naye kahukumiwa! Kwa hiyo "6 zilihukumiwa" haitwambii ni wangapi walikutwa na hatia. Sokoni Majengo mtu akisema "jamaa kahukumiwa" akiwa na maana ya kafungwa, namwacha, nimeshachoka kumsahihisha. Kwenye taarifa ya kamati siachi.

Lakini kinachoniumiza katika sentensi yenu ni hiyo "kesi." Miaka nenda rudi nalipigia kelele neno hili. Limemeza tukio, limemeza taarifa, limemeza jalada, limemeza shtaka, na limemeza shauri, ambalo ndilo jina linaloandikwa kwenye rejesta ya mahakama. Maneno matano mazima, kila moja na kazi yake, tumeyafukia chini ya neno moja, halafu tunashangaa hesabu hazisomeki.

Hebu tulifuate jambo lenyewe. Binti anabakwa: hilo ni tukio. Mama yake anampeleka Dawati la Jinsia na Watoto, anapewa fomu namba 3 ya polisi, anakwenda hospitali: sasa kuna taarifa. Wako wengi ambao hawafiki hapo, maana wazee wamekaa usiku wakayamaliza nyumbani kwa mbuzi wawili. Tukio lipo, taarifa hakuna. Polisi wakifungua upelelezi, kuna jalada. Mwendesha mashtaka akiona ushahidi unatosha, anaandaa hati ya mashtaka, na mtuhumiwa anakuwa mshtakiwa. Hapo ndipo shauri linapozaliwa. Kabla ya hapo hapakuwa na kesi ya kuripoti! Anayesema "kesi imeripotiwa" amemtaja mtoto ambaye mimba yake haijatungwa.

Sasa rudi kwenye 40 zenu. Ni matukio? Haiwezekani, kamati haijui yaliyofichwa. Ni taarifa? Huenda. Ni washtakiwa? Wanaume watatu wakimvamia msichana mmoja, tukio ni moja na washtakiwa watatu. Baba wa kambo akirudia uovu wake mwaka mzima, mshtakiwa ni mmoja na mashtaka yanaweza kuwa mengi ndani ya hati ile ile. Na hizo 6 je? Shauri halifuati kalenda ya kamati. Aliyetiwa hatiani mwaka huu huenda alishtakiwa mwaka juzi. Mkulima wa Kibaigwa hachukui magunia ya msimu uliopita akayagawa kwa madebe ya mbegu aliyopanda leo, kisha akatangaza mavuno. Nanyi msifanye hivyo kwa watoto wa watu.

Huyo mjumbe wa 34 za uongo ndiye aliyenikosesha usingizi. Katika hizo 34 yamo majalada yaliyo bado kwenye upelelezi. Yamo mashauri yanayosikilizwa. Yamo yaliyoondolewa mahakamani kabla ya utetezi kuanza, na kuondolewa huko peke yake hakumzuii mtu kushtakiwa tena. Yamo ambayo shahidi alihama, au shangazi alinyamazishwa. Na hata mshtakiwa akiachiwa huru baada ya kusikilizwa, mahakama imesema upande wa mashtaka haukuthibitisha kosa bila kuacha shaka. Haijasema binti kadanganya. Ni sentensi mbili tofauti kabisa, na kuna binti pale kijijini atakayebeba tofauti hiyo mgongoni maisha yake yote. Vivyo hivyo msiwaite wote waliotajwa katika hizo 40 "wabakaji." Chini ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, mtu mzima akitiwa hatiani kwa kubaka anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, na cha maisha kama mtoto hajatimiza miaka 10. Jina zito namna hiyo hapewi mtu kabla ya hukumu.

Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu kisheria, kwa hiyo msiniambie maneno hayapo. Nendeni polisi mkaulize taarifa na majalada, nendeni mahakamani mkaulize mashauri, kisha mwandike hivi: "Taarifa za ubakaji zilizopokelewa polisi mwaka huu ni 40. Watu waliofikishwa mahakamani kutokana na taarifa hizo ni … Kati yao, waliotiwa hatiani ni …, walioachiwa huru ni …, ambao mashauri yao yaliondolewa ni …, na ambao mashauri yao yanaendelea ni …" Pengo msilolipatia tarakimu, andikeni "haijapatikana." Msilizibe kwa "kesi."